Mwalimu Mogire Atafuta Jukwaa

Mwalimu Cephas Mogire alipostaafu, shule haikutikisika hata kidogo, lakini nyumba yake ya Migori ilitikisika. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Aliongea, na wanafunzi wakasinzia, wakachorana, wakatafuna mahindi chini ya dawati, na kila mwisho wa mwezi serikali ikamlipa kwa kuongea kwake. Ulikuwa mpango mzuri. Halafu serikali ikamwambia ahsante sana, nenda kapumzike, naye akaenda nyumbani na maneno yake yote, akamkuta huko mtu mmoja tu wa kuyapokea. Mtu huyo alikuwa mkewe, Zilpah.

Zilpah alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Homa Bay. Cephas alikuwa Mkisii aliyepelekwa kufundisha Migori akiwa kijana, akanunua ploti, akabaki. Dholuo yake, lugha ya akina Zilpah, ilikuwa ya kununulia samaki tu, na Kikisii cha Zilpah kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ndoa yao iliendeshwa kwa Kiswahili. Cephas aliiona hiyo kuwa baraka. Zilpah aliiona kuwa darasa lisilo na kengele ya kutokea. Akipiga kelele jikoni, "Maziwa inamwagika!" anajibiwa, "Yanamwagika, mama Marion, yanamwagika," na mwalimu hainuki kitini kwenda kuyaepua. Akiuliza kitabu yake ya nyimbo iko wapi, anafundishwa ngeli ya KI-VI mpaka wanachelewa ibada ya Sabato. Alivumilia kwa sababu angalau mchana mumewe alikuwa akienda kazini. Sasa hakukuwa na kwenda kazini.

Kilichomshinda kabisa ni nyoka. Asubuhi moja Zilpah alirudi mbio kutoka nyuma ya nyumba, ameshika leso kifuani. "Baba Marion! Nyoka iko hapo kwa choo! Kubwa!"

"Yuko," alisema Cephas bila kuweka kikombe chini. "Nyoka yuko. Mkubwa. Kiumbe chochote chenye uhai na kinachotembea, hata kikitambaa, kinaingia katika ngeli ya A-WA. Sasa angalia..."

Alipomaliza kueleza, nyoka alikuwa ameingia kwenye banda la kuku. Zilpah aliingia chumbani na kuanza kukunja nguo. Sababu ya kuondoka ilikuwepo tayari, kwani binti yao Marion alikuwa amejifungua huko Homa Bay na alihitaji mtu wa kumsaidia. Lakini Zilpah hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya mtoto mchanga.

"Mimi sijakuacha," alisema, begi likiwa begani. "Lakini nimechoka. Tafuta mahali ingine ya kumwaga hiyo maneno yako. Ukipata, nipigie, nitarudi. Ukikosa, mimi nitakaa kwa Marion mpaka huyu mtoto aingie college."

"Mahali pengine pa kumwaga," alisema Cephas. Akajiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na geti lilikuwa limeshafungwa.

Siku za kwanza alijipa moyo kwamba ni hasira tu. Akapika ugali ukaungua, akaula hivyo hivyo. Akasoma gazeti kwa sauti, akasahihisha makosa ya mhariri, akainua macho kuona nani amesikia, akakuta kiti kitupu. Ndipo alipoelewa kwamba anampenda Zilpah na kwamba anaweza kumpoteza. Hakuwa amefikiria jambo hilo tangu walipooana, na lilimwingia vibaya, akashindwa hata kula.

Akaenda kwa Emmah. Huyu alikuwa mama mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na stendi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchapisha programu za mazishi. Migori nzima ikifiwa, ilipita kwa Emmah. Alikuwa na uzoefu wa watu wanaokuja na maneno mengi wakitaka yatoshee kwenye karatasi mbili.

"Mwalimu, wewe unataka blog," alimwambia baada ya kumsikiliza kwa nusu saa. "Unapata platform, unaandika mambo yako huko, mwenye anataka anasoma, mwenye hataki anapita. Hakuna mtu amelazimishwa."

Cephas alilipenda wazo. Lugha ndiyo hakuipenda. "Tuseme blogu. Na hiyo platform unayoitaja, tuna neno letu, jukwaa. Natafuta jukwaa."

"Haya, jukwaa. Iko ya free na iko ya kulipa. Ya free, unajiandikisha tu, unaanza leo. Lakini jina yako inakuja na mkia, jina ya kampuni. Ya kulipa, unanunua jina yako mwenyewe, unatafuta mtu wa kuihost, kila mwaka unalipa, ukisahau unapotea. Kuna themes za kila aina, lakini hizo ni rangi tu. Wewe ni beginner, Mwalimu. Chukua ya free, andika, ukizoea utahama."

Hapo ndipo mambo yangeisha, kama Cephas angekuwa mtu wa kusikiliza. Lakini mtu aliyefundisha mpaka akastaafu haambiwi jambo kwa maneno machache na mama wa saiba akaliamini. Akarudi nyumbani kufanya utafiti.

Alitazama video za vijana wenye vidude vikubwa masikioni, waliokuwa wakiongea kana kwamba wanakimbizwa. Mmoja alisema anayeanza na jukwaa la bure anajizika mwenyewe. Mwingine alisema anayelipia kabla hajaandika ni mpumbavu. Wa tatu alisema blogu zilishakufa, kisha akaongea kuhusu blogu kwa saa nzima. Cephas akalinganisha WordPress na Blogger, akalinganisha na yale majukwaa ya kuwatumia wasomaji barua pepe, akarudi tena mwanzo. Akahangaika na jina. Kwanza ilikuwa iitwe Lulu za Lugha, halafu Mwangaza wa Sarufi, halafu akaona mwangaza ni jina la kila duka la mitumba mjini. Akahangaika na rangi, yaani zile themes, ambazo yeye aliziita mandhari. Neno moja la kuweka ndani ya blogu hiyo hakuwa ameandika, wala haikumjia akilini kwamba ndiko kulikokuwa na kazi.

Zilpah alipiga simu. "Umepata?"

"Niko mbioni. Nalinganisha."

"Unalinganisha nini?"

"Mandhari. Kuna ya samawati na kuna ya kijani kibichi. Ile ya kijani ina safu pembeni, lakini..."

"Baba Marion," alisema Zilpah, "mimi nilikuambia utafute mahali ya kuongea. Sikukuambia upake rangi." Akakata simu, na Cephas akabaki na sentensi yake mkononi.

Ndipo akaamua kuomba ushauri wa rafiki. Monari alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na zaidi ya hapo alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha wafanyabiashara Wakisii wa mjini. Watu hawa walikuwa na uchungu wao. Kila uchaguzi walipiga kura, kila uchaguzi wakachukuliwa kama wageni, na Monari alishaapa mbele ya wanachama kwamba safari ijayo watakuwa na mtu wao kwenye bunge la kaunti. Cephas aliyajua yote haya, maana Monari aliyasema kila Jumapili. Lakini siku ile hakuyakumbuka. Aliingia dukani akiwaza mandhari ya kijani.

"Monari," alisema, "natafuta jukwaa."

Monari aliacha kupima misumari. "Jukwaa? Wewe, Mwalimu?"

"Mimi. Nimechelewa, najua. Wenzangu walianza zamani."

"Hujachelewa! Bado iko time."

"Shida yangu ni kuchagua. Kuna la bure na kuna la kulipia."

Monari alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Ya bure ni ya kudanganya watu. Siku ya mwisho unakuta jina yako haiko."

"Ndivyo wasemavyo!" Cephas alifurahi kukuta rafiki yake naye ametazama video. "La bure si lako. Mwenyewe akiamka vibaya anakufuta, na huna pa kulalamika."

"Wamefutwa wengi sana hapa."

"Halafu kuna lile kubwa, ambalo kila mtu yumo."

"Hiyo achana nayo. Imejaa. Kila mtu anapiga kelele, wewe utaonekana saa ngapi?"

"Sawasawa kabisa. Tena mimi sitaki jina langu lifuatwe na mkia wa watu wengine. Nataka jina langu peke yake. Nijitegemee."

"Independent," alinong'ona Monari.

"Huru," Cephas alimrekebisha. "Tuna neno letu. Huru."

Monari alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalikuwa yamemlowa. "Na umeandika tayari?"

"Bado. Yako kichwani."

"Usijali. Wengine waliingia bila kuandika kitu, na mpaka leo hawajaandika. Na wafuasi?"

"Nitaanza na wachache. Wakinipenda wataita wenzao."

"Mwalimu," alisema Monari, "wafuasi niachie mimi." Mpaka leo anaapa kwamba aliambiwa wazi, na ukweli ni kwamba huwezi kumlaumu. Kama Cephas angesema blog, kama Wakenya wengine wote wanavyosema, Monari angerudi kwenye misumari yake.

Katika siku zilizofuata mji ulianza kumpenda Cephas. Waliokuwa wakivuka barabara wakimwona, kwa hofu ya kusahihishwa, sasa walivuka kumfuata. Wauza ndizi walimwita Mheshimiwa. Vijana wa bodaboda walimpigia honi wakainua ngumi, kisha wakamwomba ya chai. Mzee mmoja wa kanisa alimwombea dua ndefu kuhusu Musa na kijiti kiwakacho moto. Mtu mwenye akili angejiuliza kulikoni. Cephas hakujiuliza. Alidhani hatimaye nchi imetambua mchango wa walimu wa Kiswahili, na akaanza kupiga pasi shati hata la kuendea sokoni.

"Lazima tufanye launch," Monari alimwambia.

"Uzinduzi," alisema Cephas.

"Hiyo hiyo. Jumapili, nyumbani kwako."

Cephas alikubali mara moja, kwa sababu kitu kikizinduliwa hakiwezi kusubiri tena rangi. Ijumaa, kabla Emmah hajafunga kwa ajili ya Sabato, alikwenda saiba akamwagiza amnunulie jina na mahali pa kuliweka. Emmah alifanya kwa dakika chache kazi iliyokuwa imemshinda mwalimu kwa wiki nyingi. "Hapa ndio utaandika," alimwonyesha. "Na hii iko hapa mwanzo, inakuja yenyewe, utaifuta." Cephas hakuwa akisikiliza sehemu ya kufuta. Alikuwa akilitazama jina lake kwenye kioo, bila mkia.

Jumapili alipofungua mlango, alikuta vijana wanapigilia mbao katikati ya ua. Walikuwa wanajenga jukwaa. Jukwaa lenyewe, la mbao, lenye ngazi, lenye kitambaa cha kijani mbele. Mbao zilitoka dukani kwa Monari. Mtu mwingine yeyote angeshtuka. Cephas alisimama akaliangalia, akafurahi, maana alidhani ni tamathali ya usemi. Jukwaa la mtandaoni limeletewa jukwaa la mbao! Alimpigia Emmah simu kumwambia kwamba watu wa Migori wamekomaa sana kifasihi.

Kufikia saa nane ua ulijaa. Kulikuwa na hema, viti, spika kubwa kama kabati, sufuria za pilau, na kikundi cha akina mama kilichoimba jina lake kikilitafutia vina. Monari alimvika kofia nyeupe iliyoandikwa MWALIMU mbele. Nyuma ya kofia kulikuwa na mwaka wa uchaguzi, lakini nani hutazama nyuma ya kofia aliyoivaa mwenyewe?

"Ndugu zangu," alianza Cephas, na watu wakanyamaza. Hilo peke yake lilimlewesha. Hakuwahi, maishani mwake, kuongea watu wakanyamaza wakiwa macho. "Wakubwa wetu wanakosea!"

"Wanakoseaaa!" ua ukajibu.

"Nimewasikiliza redioni. Wanaharibu, tena mchana, tena mbele ya watoto wetu!"

Akina mama walipiga vigelegele. Mtu fulani nyuma alilia kwa sauti.

"Mimi nimenyamaza vya kutosha. Kuanzia leo nitawarekebisha, mmoja baada ya mwingine, bila kuogopa cheo cha mtu! Kosa dogo tukilinyamazia leo, kesho tutalikuta kwenye kamusi!"

Hakuna aliyejua kamusi imeingiaje, lakini hapakuwa na muda wa kuuliza. Vijana walipanda jukwaani wakamwinua begani. Simu zilikuwa juu kama mia, zinarekodi. Kutoka huko juu Cephas aliwaona watu wote wale na pilau zao na akamfikiria Zilpah. Sasa nimepata mahali, alijiambia. Jioni nitampigia, na kesho atakuwa hapa.

Hakupiga yeye. Zilpah ndiye aliyepiga, hata hema lilikuwa bado halijashushwa.

"Nimeona video," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha Cephas kuliko hasira. "Imefika mpaka hapa Homa Bay. Umebebwa juu, umevaa kofia, watu wanakula."

"Ni jukwaa, mama Marion! Nimepata! Sasa unaweza..."

"Usinipigie tena. Mimi siwezi. Afadhali hiyo maneno yako yote kuliko hii." Simu ikakatika, na alipojaribu tena haikupatikana.

Alikimbilia kwa Emmah kama mtu aliyeibiwa. Emmah alikuwa anapanga picha ya marehemu kwenye programu. Alimsikiliza, akageuza kiti polepole. "Mwalimu, kwani wewe hujui? Mji mzima unasema unasimama MCA."

"Mwakilishi wadi? Mimi?"

"Si uliambia Monari unataka jukwaa? Si umesema uko na wafuasi? Si umesema unaingia huru?"

Cephas aliyapitia maneno yote aliyomwambia Monari, moja baada ya lingine, na yote yalikuwa sanifu, hakuna hata moja lenye kosa. Kwa muda mfupi, na tumseme tu maana alikuwa binadamu, aliwaza kwamba umati ule ulikuwa mkubwa sana na huenda angeshinda. Kisha akakumbuka sauti ya Zilpah, na wazo hilo likamtoka.

Asubuhi, kabla ya kupanda gari la Homa Bay, alipita dukani kwa Monari akamwambia waziwazi kwamba hasimami, hakuwahi kusimama na hatasimama. Monari alitazama huku na huku, akamkonyeza. "Safi sana, Mheshimiwa. Endelea kukataa hivyo hivyo. Watakutafuta zaidi." Cephas aliona kwamba kukana kwa Kiswahili hakutamsaidia, na Kikisii hakukijaribu kwa kuogopa kukosa gari.

Marion aliishi juu kidogo ya mji, mahali ambapo ukisimama kibarazani unaliona ziwa na mabati ya soko la samaki. Alimfungulia baba yake mlango, mtoto akiwa begani. "Baba, mama amesema hataki kukuona. Lakini amesema pia kama umekula usipewe chakula, kama hujakula upewe." Akampisha, akaenda nyuma kuanika nepi, akawaachia sebule.

Zilpah alikuwa ameketi kwenye kochi, leso kichwani, hamtazami. Cephas alibaki amesimama. Alieleza yote kwa pumzi moja, kuhusu blogu, Emmah, ya bure na ya kulipia, Monari na misumari, tamathali ya usemi. Zilpah alimwacha mpaka mwalimu akaishiwa maneno.

"Hiyo blog iko wapi? Nionyeshe."

Cephas alitoa simu akafungua. Jina lake lilitokea juu, kubwa, zuri, kwenye mandhari ya kijani. Chini yake kulikuwa na andiko moja, lile lililokuja lenyewe. Liliandikwa "Hello world!" na chini yake tayari kulikuwa na watu wa Migori waliojibu kwamba wako nyuma yake.

Zilpah alisoma. Alisoma tena. "Hii ndio uliandika? Na Kiingereza?"

"Sikuandika mimi. Linajiandika."

Kona ya mdomo wa Zilpah ilicheza kidogo, kisha ikatulia. "Kwa hivyo husimami."

"Sisimami. Naapa. Tafadhali, rudi nyumbani."

"Kurudi tutaongea baadaye."

"Mama Marion, kwa nini jambo hili limekuumiza hivi? Najua baba yako alikuwa mtu wa siasa. Uliwahi kuniambia."

Sasa Zilpah alimtazama. "Sikukuambia. Nilianza. Tulikuwa tumeoana juzi tu, tumekaa nje kwa ile nyumba ya kupanga. Nikasema, baba yangu alisimama councillor, ng'ombe zake yote ikaisha. Ukasema, wake, wote wakaisha. Ukanifunza mambo ya wanyama mpaka giza ikaingia. Nikaona basi, wacha nisiseme."

Cephas alitafuta siku hiyo kichwani. Alikumbuka nyumba ya kupanga. Alikumbuka hata jedwali alilolichora mchangani kwa kijiti ili amwonyeshe ngeli. Ng'ombe hakuwakumbuka kabisa.

"Niambie sasa," alisema.

Zilpah alikunja leso yake magotini, akaikunjua. "Baba alianguka mara ya kwanza nikiwa primary. Akasema amerogwa. Akasimama tena nikiwa Form Two. Watu ikajaa kwa boma yetu, asubuhi mpaka usiku, hao wenye unaita wafuasi. Mama alikuwa mgonjwa. Baba akakuja shule kunitoa, akaambia headmistress ni kidogo tu, nikuje nipikie wageni, campaign ikiisha nitarudi. Ng'ombe yetu ilikuwa inachungwa Lambwe. Ilikuwa inaletwa moja moja, inachinjwa, mimi napika. Nilipika mpaka ikaisha. Baba akaanguka. Na mimi shule sikurudi."

Akainamisha macho, mabega yameinuka kidogo, kama mtu anayesubiri kitu anachokijua.

Cephas alikuwa ameyasikia makosa yote. Hakuweza kutoyasikia, yalimgonga moja baada ya lingine kama mawe kwenye bati. Lakini alikuwa anasikia pia kitu kingine. Ngeli zote alizomcheka nazo kwa miaka hii, mbele ya walimu wenzake, mbele ya watoto, zilikuwa zikifundishwa katika madarasa ambayo Zilpah hakuyafikia kwa sababu alikuwa jikoni. Yeye alidhani ni uvivu. Aliwahi kusema hivyo mezani, mbele ya wageni, na Zilpah ndiye aliyekuwa anapakua. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni, na akafunga mdomo.

Simu yake ililia. Alikuwa ni Monari. Aliizima.

Zilpah aliinua uso. Alisubiri tena kidogo, halafu akamkagua mumewe kuanzia juu mpaka chini, kwa wasiwasi.

"Baba Marion, umenyamaza. Unaumwa?"

"Siumwi. Endelea."

"Sijamaliza, na hii hadithi ni mrefu," alisema Zilpah, na Cephas akavuta kiti.